Tulipiga Kura Kwamba Huyu Ndiye Ngamia Wangu

Nimekosa. Mimi ni mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, na niliinua mkono wangu huu wa kulia kupiga kura kwamba ngamia wa mtu mwingine ni wangu. Moyo ulikuwa unaniambia siye. Nikauambia moyo unyamaze, tuko kwenye mkutano!

Jina langu sitaji. Hapa Garissa watu wanajuana, na ngamia wao wanajuana pia. Nichukulie tu kama mtu aliyekaa kando yako kwenye benchi la hoteli, akakuomba umsogezee sukari, halafu akaanza kukueleza mambo ambayo hukumuuliza.

Nina duka la dawa za mifugo karibu na soko. Dawa za minyoo, za kupe, sindano, mafuta ya vidonda. Kutwa nzima watu wananiuliza, mbuzi wangu ana hiki, ng'ombe wangu ana kile, nami najibu bila kupepesa macho. Kwa hiyo huko mbele ukinisikia nakubali kwamba sikio la ngamia lililokatika linaweza kuota tena, ujue ni mtaalamu huyo aliyekuwa akikubali.

Ngamia wangu walikuwa wanne tu, na boma lao la miiba liko nyuma ya bula yetu, yaani mtaa wetu, pale mji unapoishia. Anayewachunga ni Halkano, mtu wa makamo kama mimi, kutoka upande wa Wajir. Kisomali chake ni cha kuombea maji, na mimi Kiborana sijui, basi tunaelewana kwa Kiswahili. Miaka sita tumeelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na ndugu zangu.

Katika hao wanne, mmoja ndiye roho yangu. Anaitwa Shukri. Alikuwa wa marehemu baba. Maziwa yake ndiyo mama yangu aliyokuwa akiyanywa kila asubuhi, kwa sababu yale ya ngamia wengine yanamsokota tumbo. Na wakati haya yanatokea, Shukri alikuwa na ndama wa wiki tatu, dume, tuliyemwita Jimale kwa kuwa alizaliwa Ijumaa. Miguu mirefu, akili hakuna. Alikuwa akijaribu kunyonya hata pindo la kikoi changu.

Tena kuna siri moja ya Shukri lazima uijue. Ana ugonjwa wa matikiti. Siku zile alipozaa nilimletea maganda ya matikiti maji kutoka kwa akina mama wa sokoni, nia yangu apate kitu cha baridi. Balaa! Tangu hapo, akisikia harufu ya tikiti hajui ndugu wala jamaa. Aliwahi kumfuata mama mmoja mwenye karai kichwani mpaka mlangoni kwake, na yule mama hakugeuka nyuma hata mara moja, akidhani ni mimi ninayehema nyuma yake.

Basi Jumanne moja jioni Halkano alirudi na ngamia watatu. Alikuwa amekauka uso. Akanieleza kwamba adhuhuri alisimama kuswali, akatoa salamu, akahesabu, wanne wamekuwa watatu. Jimale alikuwa bomani, kwani ndama wachanga huachwa nyumbani mama zao wakienda malishoni. Alisimama pale mlangoni pa boma akiita, na mama yake hakutokea.

Kwetu mnyama aliyepotea tunamwita baadi, na marehemu baba alikuwa na namna yake ya kutafuta baadi. Hakukimbia. Alikaa chini peke yake, akawapa watu mgongo, akanywa chai taratibu. Alikuwa akisema kwamba mwenye ngamia anajua alipo ngamia wake, ila hasikii kwa sababu ya kelele, na kelele ya kwanza ni miguu yake mwenyewe. Watu walimcheka. Lakini sikumbuki baba akipoteza ngamia zaidi ya siku mbili.

Jumatano baada ya swala ya alfajiri, mama aliniletea kikombe akaniambia nifanye kama baba yangu. Nikakaa. Wallahi sikumaliza nusu. Kilinijia kitu kimoja tu, wazi kama mtu amenitajia sikioni: matikiti. Mashamba ya mtoni. Siku ile ya Jumanne upepo ulikuwa unatoka upande wa Tana, na ni msimu wa matikiti. Nikacheka peke yangu, nikainuka kutafuta viatu.

Kutoka kwangu mpaka mashamba yale ni dakika arobaini kwa miguu. Dakika arobaini! Ningekwenda, leo usingekuwa unasoma haya.

Kiatu kimoja kilikuwa mguuni na kingine mkononi alipoingia Abdinoor.

Abdinoor ni binamu yangu. Amefanya kazi na mashirika kule kambini Dadaab kwa miaka mingi, na semina alizohudhuria ni nyingi kuliko ngamia aliowahi kuwagusa. Sasa, kwetu ngamia akipotea ni kama msiba. Watu wanakuja, wanakaa mkekani, wanakunywa chai yako, na kila mmoja ana shauri lake. Ni mila nzuri, siikatai, imewarudishia wengi mali zao. Lakini Abdinoor hakuja na shauri. Alikuja na daftari.

Kufikia saa tatu nilikuwa na kamati ya watu tisa. Mwenyekiti ni Abdinoor. Kuna katibu, kuna naibu wa katibu, kuna msimamizi wa usafiri, kuna mtu wa uhusiano mwema ambaye mpaka leo sijajua alikuwa ahusiane na nani. Mimi nilipewa cheo cha mdau. Ngamia ni wangu, na mimi ni mdau!

Likafunguliwa kundi la WhatsApp, Operesheni Shukri. Wenye ruhusa ya kuandika ni viongozi tu, ili kuwe na nidhamu. Mdau hakuwa kiongozi. Ikatakiwa picha ya kundi, na kumbe Shukri hatukuwahi kumpiga picha hata moja. Naibu wa katibu akatoa ya ngamia mmoja mtandaoni, mzuri, ana shanga shingoni na tandiko jekundu, nadhani ni wa watalii wa nchi fulani ya Waarabu. Wakaiweka. Kumbuka hiyo picha, tutairudia.

Nilisema. Naapa nilisema. Niliinua mkono kama mwanafunzi, nikawaambia mimi nahisi yuko kwenye matikiti mtoni. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Abdinoor akangoja wanyamaze, akanitazama kwa huruma.

"Hisia si ushahidi, mdau," akasema.

Kisha akaandika kwenye daftari: hoja imepokelewa, haikuungwa mkono. Wao walishaamua kwamba Shukri ameibwa, na ngamia akiibwa hupelekwa mpakani, kwa hiyo msafara uende Hulugho. Tukagawiwa vizibao vya kung'aa vya rangi ya manjano, vile wanavyovaa watu wa barabara. Vilitoka wapi, sijui. Nikavaa changu.

Unaniuliza kwa nini sikutoka tu nikaenda zangu mtoni? Hilo ndilo swali linalonila. Niliona haya. Watu wanane wameacha kazi zao kwa ajili yangu, wamekaa kwangu, wananiombea dua. Mimi niondoke nikanuse matikiti? Niliogopa kuonekana mshamba. Nilijiambia watu wanane hawawezi kukosea wote, na moyo wangu ni mmoja tu.

Jumatano ikapita kwa mkutano. Alhamisi ikapita kwa mkutano wa kupitisha yale ya Jumatano. Duka nimelifunga. Jimale tulikuwa tunamnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Alikuwa anakunywa kidogo, anaitema, anakwenda kusimama tena mlangoni. Halkano alikuwa akikaa naye, amemshika shingo, akimwimbia nyimbo za kwao.

Ijumaa baada ya swala tukaondoka kwa gari mbili. Jumamosi mchana, kabla hata ya kufika Hulugho, tuko karibu na Sangailu, dereva akapiga breki. Kando ya bwawa la maji alikuwa amesimama ngamia jike, peke yake, anakula majani bila haraka. Shingoni ana chapa ya ukoo wetu.

Hapa nieleze, kwa asiyejua. Chapa ni ya ukoo, si ya mtu. Ngamia wenye chapa ile wamejaa kutoka kwetu mpaka huko kwa wajomba. Hilo kila mmoja wetu analijua tangu anaota meno. Lakini tulikuwa tumesafiri siku nzima juu ya vumbi tukiwa na vizibao, na mtu aliyesafiri hivyo anataka kuona alichokifuata.

Wakashuka wakishangilia. Mimi nikamsogelea polepole. Nikapiga ule mluzi wangu mfupi, ambao Shukri akiusikia lazima ainamishe kichwa. Huyu aliendelea kutafuna. Nikamtazama macho, naye akanitazama kama afisa anavyomtazama mtu aliyekuja na fomu isiyo yake. Moyo ukaniambia siye. Halafu nikaona sikio.

Shukri alipokuwa mdogo fisi alimkata ncha ya sikio la kushoto. Huyu wa Sangailu masikio yake yote mawili ni mazima, yamesimama, unaweza kuyaanikia nguo.

Nikamwita Abdinoor, nikamwonyesha. Akaliangalia sikio muda mrefu. Akaitisha kikao palepale, kando ya bwawa. Katibu akasoma ajenda, na ajenda ilikuwa sikio. Msimamizi wa usafiri akasema amewahi kusikia mjusi anaota mkia mpya. Mtu wa uhusiano mwema akasema mvua mwaka huu ilikuwa nzuri, malisho yamejaa nguvu, lolote laweza kuota. Naibu wa katibu akatoa simu, akafungua ile picha ya kundi, akaiweka karibu na uso wa ngamia. Wakalinganisha. Wakakubaliana kwamba wanafanana sana, ukiondoa shanga.

Kisha Abdinoor akanigeukia mbele ya wote, akaniuliza kitaalamu, mimi mwenye duka la dawa, je, inawezekana?

Nikasema, "Kisayansi, hatuwezi kuikataa moja kwa moja."

Ole wangu! Mdomo huu!

Wakapiga kura. Mikono minane ikainuka. Wote wakanitazama mimi, na jua linawaka, na gari zinanguruma. Nikainua wa tisa. Abdinoor akaandika: imepitishwa kwa kauli moja.

Yule ngamia tukampakia kwenye gari akilalamika njia nzima. Jumapili asubuhi tuliingia bulani kama bibi harusi, akina mama wanapiga vigelegele, kundi la WhatsApp limejaa pongezi za viongozi. Tukamwingiza bomani. Jimale alimwona, akatoa sauti ambayo siku tano hakuwa ameitoa, akaja mbio na hiyo miguu yake isiyojua kwa kwenda, akaingiza kichwa chini ya kiwele.

Yule ngamia alimpiga teke akamtupa mpaka kwenye miiba.

Mama yangu alikuwa ametoka amesimama na fimbo yake. Alimtazama ngamia mara moja tu, akasema mgeni huyu apewe maji kisha arudishwe kwao. Akageuka akaingia ndani. Nami, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama yangu mzazi. Nilisema macho yake yameanza kuzeeka.

Halkano alinivuta pembeni. Huyo ni mtu asiyesema ovyo.

"Bosi, hii si Shukri," akaniambia. "Mimi nimekamua Shukri miaka sita. Mkono yangu inajua yeye."

"Kamati imeshapitisha, Halkano," nikamjibu.

Akaniangalia kama mtu anayengoja nicheke. Sikucheka. Akaokota chupa yake ya maziwa ya mbuzi akaondoka.

Abdinoor alikuwa na maelezo. Akasema ngamia amepitia mshtuko wa kutekwa, hiyo inaitwa kiwewe, ameiona sana kambini, mama anaweza kumkataa mtoto wake mwenyewe. Dawa yake ni kuunganisha familia. Akachora ratiba, akaibandika kwenye mti wa lango. Mara tano kwa siku mama na mtoto wakutanishwe, dakika kumi kila mara, bila kelele, na mdau aandike maendeleo.

Sasa naungama kosa lenyewe. Ngamia wa watu alirudi kwao, hilo linalipika. Lakini ile ratiba niliifuata. Siku tatu. Nilimshika Jimale shingoni kwa mikono yangu, nikamsukuma chini ya ngamia ambaye mwili wangu wote ulikuwa unajua si mama yake. Alipigwa teke, nikampangusa vumbi, nikamsukuma tena. Kwenye karatasi niliandika: anaonyesha dalili za kuzoea. Mara ya mwisho alipigwa ubavuni, nikasikia kitu kimevunjika kama kijiti. Hakulia. Aliacha tu kuja nilipomwita.

Nilimpa kila dawa iliyoko dukani kwangu. Dawa ya kurudisha siku sina.

Jumatano ya pili, asubuhi, akaja mzee mmoja kutoka Sangailu na wanaume wawili, wamefuata habari za vizibao vya manjano. Hakuja na fujo. Aliomba maji, akanywa, akashukuru. Kisha akasimama langoni, akatamka jina moja kwa sauti ya chini. Yule ngamia wetu wa kauli moja akakata kamba, akaja akaweka kidevu begani kwa mzee, akafumba macho.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akawa anamkuna, huku ananitazama.

"Mwanangu, wewe si ndiye muuza dawa? Hukumwona kwamba si wako?"

"Nilimwona, mzee. Lakini tulipiga kura."

Akaacha kumkuna ngamia. Nadhani alidhani Kisomali changu kimeharibika kwa kukaa mjini. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Na ngamia alipiga?"

Wazee wa kwetu walikaa adhuhuri ileile wakaamua nimpe mzee wa Sangailu mtamba wangu mmoja kwa usumbufu, nikampa. Sokoni nikapata jina jipya, Mwizi kwa Kauli Moja, na sasa hata watoto wa madrasa wanalijua. Nikatafuta kamati yangu. Kwenye simu nikaona Abdinoor ameondoka kwenye kundi. Katibu ameondoka. Naibu ameondoka. Jioni nilibaki peke yangu mle ndani na yule ngamia wa watalii mwenye shanga.

Alhamisi alfajiri hakuja mtu. Nilikaa chini, nikawapa mgongo watu ambao hawakuwepo. Mama akaleta chai. Na wallahi, nusu kikombe, neno ni lilelile: matikiti. Lilikuwa limekaa palepale nilipoliacha siku nane zilizopita, wala halikuninunia.

Nikatembea. Dakika arobaini. Kwenye shamba la tatu kutoka njiani nikasikia sauti, nikapiga mluzi, na nyuma ya migomba kichwa kikainama. Sikio la kushoto halina ncha.

Nililia kama mtoto, sina haja ya kuficha. Shukri alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya banda la pampu, mdomo wote mwekundu, kiwele kimevimba mpaka kinatisha. Mwenye shamba alitoka na jembe. Anaitwa Mama Zainabu, Mmunyoyaya, kabila la wakulima wa hapohapo mtoni, mama mwenye maneno yake.

"Mwenye ngamia umeamka?" akaniuliza. "Siku tisa huyu ananililia hapa. Mistari yangu miwili ya matikiti imekwisha, na bado namkatia mwenyewe, ningefanyaje?"

Nikamuuliza kwa nini hakutoa habari. Lo, nilichokoza nyuki! Akaniambia hakumfunga kwa ubaya, mnyama akiingia shambani lazima afungwe mpaka mwenyewe aje, hata mimi najua. Habari aliitoa Jumatano ileile ya kwanza. Mtu alimwambia kuna kundi la simu, akaomba kuingia, hakukubaliwa. Akaja mpaka dukani kwangu mara tatu, na jua lile.

"Mara tatu umefunga," akasema. "Majirani wananiambia umekwenda kutafuta ngamia."

Nilikaa chini kwenye tuta. Yeye akaona hali yangu, akaacha kusema, akamfungua Shukri mwenyewe. Matikiti akaniambia tutazungumza siku nyingine.

Shukri hakuningoja. Alijua njia. Alishika mbio kuelekea nyumbani, maziwa yanamdondoka njiani, mimi nyuma yake nimeshika viatu mkononi, nikimwomba Mungu anipe dakika arobaini zangu zile za mwanzo. Tulipofika, Halkano alikuwa amekaa mlangoni pa boma. Kichwa cha Jimale kilikuwa mapajani mwake.

"Sasa hivi tu, bosi," akasema. "Jua imepanda tu, ameenda."

Shukri alimnusa kuanzia kwato mpaka masikio. Akamsukuma kwa pua, mara mbili, kama anavyoamshwa mtu kwa ajili ya swala. Kisha akasimama juu yake, na tulishindwa kumwondoa hadi alasiri.

Ngamia akifiwa na ndama, kwetu ngozi ya ndama huchunwa ikajazwa majani makavu. Asubuhi inasogezwa karibu, mama anainusa, anadanganyika, anaachilia maziwa. Ni kazi ya tangu enzi za mababu, na mara nyingi inafaa. Tuliifanya, maana kiwele kilikuwa kinamuumiza, na mama yangu siku zote zile alikuwa anakunywa chai ya rangi bila kunilaumu, na kule kutolaumu ndiko kunakoniua.

Nikamsogezea. Shukri aliinusa ile ngozi polepole, hana haraka hata kidogo. Kichwa, shingo, ubavu ule uliovunjika. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaiangalia kutoka pale kwa muda. Halafu akakunja miguu, akalala chini, akageuza uso upande wa mtoni.

Ndivyo anavyofanya kila asubuhi mpaka leo. Jirani zangu wamefika wakaona, wote wanasema ngozi imetengenezwa vizuri, inafanana, angepaswa kuikubali. Mzee wa Sangailu aliniuliza kama ngamia alipiga kura. Sasa amepiga, mzee. Yake ni moja, na haijabadilika.

Juzi Abdinoor alikuja. Alisimama langoni na daftari jipya, akasema amesikia tatizo la maziwa, anadhani watu kama saba wakikaa pamoja watapata suluhisho. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, ni damu yangu. Kisha nikafunga lango, yeye akiwa nje, nikarudi kukaa karibu na Shukri. Halkano akanimiminia chai.

Basi wewe niliyekusumbua na habari hizi, nisikilize neno hili moja. Ikiwa una kikombe mkononi sasa hivi, na jambo limekujia wazi kabla watu hawajafika, na nje unaanza kusikia hatua zao na mlio wa kalamu, usiwangoje wakupigie kura. Maliza chai yako. Vaa na kiatu cha pili. Toka kwa mlango wa nyuma, uende ulikoambiwa na moyo wako, hata kama ni kwenye matikiti, hata kama watacheka. Mimi nilitakiwa kutembea dakika arobaini tu.